Kaisari Alivyohamishwa Lushoto

Mwaka 1917, mtu aliyetaka kutuma barua kutoka Wilhelmstal, katika milima ya Usambara, alibandika kwenye bahasha stempu yenye kichwa cha Mfalme George V wa Uingereza. Stempu yenyewe ilikuwa ya jirani, ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, ikapigwa juu yake herufi tatu, G.E.A., kifupi cha Kiingereza cha Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mfalme wa stempu alikuwa wa Waingereza, nchi ilikuwa bado ya Wajerumani kwa jina, na mji ulikuwa wa Kaisari Wilhelm II, yule yule ambaye majeshi ya George yalikuwa yakipambana na watu wake kuanzia Ufaransa hadi bonde la Rufiji.

Wawili hao walikuwa mabinamu. Mama wa Wilhelm na baba wa George walizaliwa tumbo moja, la Malkia Victoria. Ulaya walikuwa hawasalimiani tena, lakini kwenye bahasha ya Usambara walisafiri pamoja.

Haikupita miaka mingi, barua za mji ule ule zikawa zinaandikwa Lushoto.

Jina la Wilhelmstal halikuwa na fumbo. Tal kwa Kijerumani ni bonde, kwa hiyo mahali pale palikuwa Bonde la Wilhelm. Maafisa wa Kijerumani walilipachika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walipoyapandisha makao ya wilaya ya Usambara kutoka tambarare kwenda milimani. Huko juu kulikuwa na baridi, vijito visivyokauka na mbu wachache, na gavana aliyechoshwa na joto la Dar es Salaam alipata pa kupumzikia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, miguuni pa milima, mwaka 1905. Kuanzia hapo barabara ilipanda kwa kona baada ya kona, ikipita Soni, mpaka kwenye mji wa Kaisari.

Wasambaa walikuwa na jina lao la mahali hapo, na jina hilo ndilo Lushoto. Nchi nzima ilikuwa na wenyewe: ukoo wa Kilindi ulitawala kutoka Vugha, na enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, mkono wake ulifika hadi karibu na pwani. Alipokufa, wanawe na wajukuu waligombana kwa miaka mingi, na Wadachi, kama wenyeji walivyowaita Wajerumani, waliingia kupitia ufa huo. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Jina la Kaisari lilipotua bondeni, kitanzi kilikuwa kimeshatangulia.

Hata hivyo Wadachi hawakubadili kila jina walilolikuta. Tabora ilibaki Tabora. Mwanza, Bukoba, Moshi, Arusha, Morogoro, Mahenge na Kilwa ziliingia kwenye ramani za Berlin kama zilivyokuwa, ila tahajia tu ilipindwa kidogo ili ulimi wa Kijerumani upate kuzitamka. Sababu haikuwa heshima. Utawala wao uliendeshwa kwa Kiswahili, kupitia maliwali, maakida na majumbe, na akida anayetakiwa kupeleka kodi mahali fulani lazima apaite kama wanavyopaita anaowadai.

Wakati mwingine uvivu huo wa kubatiza ulizaa kinaya. Kusini, karibu na kijiji cha mkuu mmoja wa Wangoni, Songea Mbano, Wajerumani walijenga boma mwaka 1897 wakaliita kwa jina lake. Vita vya Majimaji vilipozuka, Songea alikuwa miongoni mwa viongozi, na mwaka 1906 wakamnyonga. Jina lake lilibaki pale pale, juu ya boma la waliomuua, likabaki kwenye barua zao zote za kiserikali, na leo ni jina la makao makuu ya mkoa wa Ruvuma.

Majina ya Kijerumani hasa yalikuwa machache, na mengi yalisimikwa pembezoni, kwenye mipaka na mwambao wa maziwa, kule ambako bendera ilihitaji kuonekana na jirani Mwingereza au Mbelgiji. Hermann von Wissmann, aliyekuwa amevunja upinzani wa Abushiri na Bwana Heri pwani, alikwenda Ziwa Nyasa mwaka 1892 akiwa na meli iliyokatwa vipande, ikipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire na kubebwa na wapagazi pale maji yaliposhindikana. Meli ilipounganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1893, ikaitwa Hermann von Wissmann. Kituo alichokianzisha kaskazini mwa ziwa akakiita Langenburg, kwa kumtukuza Hermann zu Hohenlohe-Langenburg, mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Makoloni ya Ujerumani. Kando ya ziwa homa iliwazidi nguvu wazungu wa kituo, na baadaye makao yakahamishiwa juu, katika nchi ya Wanyakyusa chini ya mlima Rungwe. Jina nalo likafungashwa na mizigo mingine: mji mpya ukaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Wanyakyusa walipafahamu kwa jina la kilima kilichokuwapo, Tukuyu.

Ukishuka mwambao wa mashariki wa ziwa hilo ulikuta Sphinxhafen, Bandari ya Sphinx, kwa sababu Mjerumani mmoja aliliona jabali lililosimama majini akalifananisha na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na uso wa mtu. Wenyeji walipaita Liuli. Huko Usambara nako wamisionari wa Bethel walikuwa wameifanya Mlalo kuwa Hohenfriedeberg, neno refu kiasi cha kumchosha mtoto wa kipaimara.

Na mbali magharibi, kusini mwa Ziwa Tanganyika katika nchi ya Ufipa, palisimama Bismarckburg, Ngome ya Bismarck, mahali ambapo wenyeji walipaita Kasanga. Otto von Bismarck, kansela aliyeiunganisha Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Afrika, na kwa miaka mingi hakuwa na hamu kubwa na makoloni. Bado jina lake lilipachikwa kwenye ngome mbili za bara hili: hii ya Kasanga na nyingine nchini Togo. Kwenye meza za Berlin hilo lilikuwa sifa. Kwa mvuvi wa Kasanga lilikuwa neno lisilotamkika, lenye konsonanti tatu zilizobanana katikati bila irabu ya kuzipumzisha.

Hapa ndipo ilipokuwa kasoro ya majina hayo. Yaliandikwa kwa ajili ya macho ya watu wasiokuwapo. Waziri angeyaona kwenye ramani, mwana wa mfalme angetabasamu, gazeti la Ulaya lingeyachapa. Mwanamke anayepeleka ndizi mnadani hakuwa na kazi nayo. Alikwenda Lushoto, au alikwenda bomani, basi.

Kisha vikaja vita. Agosti 1914, kabla hata watu wengi wa bara hawajapata habari kwamba wazungu wanapigana wao kwa wao, meli ya Waingereza ya Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa ikaikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, pale pale Sphinxhafen, ikaishambulia na kuilemaza. Huo ulikuwa mwanzo tu. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza, Afrika Kusini, India na Ubelgiji yaliingia kutoka karibu kila upande, na miji yenye majina ya wakubwa wa Ujerumani ilianguka katika majuma machache, kana kwamba ilikuwa imepangwa foleni. Kikosi cha jenerali Mwingereza Northey kilivuka mpaka kutoka Nyasaland mwisho wa Mei, kikaingia Neu-Langenburg. Tarehe 8 Juni Bismarckburg ikachukuliwa na askari waliotoka Rhodesia ya Kaskazini. Katikati ya Juni, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yakiteremka kufuata reli ya Usambara, Wilhelmstal nayo ikasalimu amri, mjini wakiwa wamebaki raia wa Kijerumani, wengi wanawake na watoto.

Ungetarajia bango la kwanza kung'olewa liwe la Kaisari. Haikuwa hivyo. Vita vilikuwa bado vinaendelea, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwazungusha Waingereza kusini, na ofisa anayesubiri shehena ya kwinini hana muda wa kutafuta jina jipya la stesheni. Ramani zilizokuwapo zilikuwa za Wajerumani. Orodha za mashamba, hati za ardhi na kumbukumbu za mahakama, zote zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya Wajerumani. Kwa hiyo Waingereza waliyatumia kama yalivyo. Neu-Langenburg walilitafsiri nusu tu, neno la mbele likawa la Kiingereza na la nyuma likabaki la Kijerumani. Kusini magharibi, askari wa Northey walituma barua zao kwa stempu za Nyasaland zilizopigwa herufi N.F., za Kikosi cha Nyasaland.

Kinaya kikubwa zaidi kilikuwa juu ya Mombo. Horace Byatt, aliyewekwa kuanzisha utawala wa kiraia wa Uingereza katika maeneo yaliyotekwa, aliweka ofisi zake kwanza Wilhelmstal, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kwa muda, amri za Waingereza kwa nchi iliyokuwa ya Wajerumani zilitoka katika mji wenye jina la Kaisari wa Wajerumani.

Kaisari mwenyewe aliangushwa mapema kuliko jina lake. Tarehe 9 Novemba 1918 ilitangazwa Berlin kwamba amejiuzulu, na kesho yake akavuka mpaka kuingia Uholanzi. Lettow-Vorbeck, akiwa porini Rhodesia ya Kaskazini, alipata habari za kusimamishwa kwa vita siku mbili tatu baada ya vita kwisha Ulaya. Alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba, na kutoka hapo yeye na watu wake walitembea kwa miguu kuteremka hadi ziwani Bismarckburg, wakapandishwa meli kwenda Kigoma, kisha garimoshi hadi Dar es Salaam. Jeshi la mwisho la Kaisari liliaga nchi kupitia bandari ya Bismarck, wakati dola aliyoijenga Bismarck imeshakufa.

Njia hiyo kutoka Abercorn hadi Bismarckburg inafaa kukumbukwa. Ni mwendo mfupi kwa kipimo cha nchi zile, na pande zake mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja. Abercorn nayo ilikuwa imepachikwa jina la mkubwa wa mbali: lodi wa cheo cha juu wa Uingereza aliyekuwa rais wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Wenyeji waliijua kwa jina la Mbala. Lakini upande wa Bismarck jina lilikufa pamoja na utawala, na upande wa Abercorn liliishi mpaka baada ya Zambia kupata uhuru mwaka 1964, Mbala iliporudishwa kwenye mabango. Aliyeshindwa vita ndiye aliyepoteza jina kwanza.

Baada ya mkataba wa Versailles, London ilikabiliwa na swali kubwa kuliko la mji mmoja: nchi nzima iitweje? Katika Wizara ya Makoloni majina yalitupwa mezani kama karata. Mmoja alipendekeza nchi ipewe jina la Smuts, wenzake wakaona halina mvuto. Lilitajwa Eburnea, la Kilatini lenye maana ya pembe za ndovu. Yalitajwa Victoria, Windsorland na Maryland Mpya. Mwisho ikaamuliwa kwamba jina liwe la kienyeji, lenye kujulikana na kuhusiana na nchi. Kilimanjaro lilikaribia kushinda. Tabora nalo lilikaribia. Lililopita, mwanzoni mwa 1920, ni la ziwa la magharibi, na nchi ikawa Tanganyika.

Wakubwa walitaka kwanza kuongeza neno lenye maana ya himaya, kama ilivyokuwa kwa majirani. Karani mdogo akawakumbusha kwamba nchi hiyo si himaya. Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, chini ya mandati, na ilipaswa kutoa taarifa kila mwaka huko Geneva. Neno likabadilishwa.

Marekebisho hayo ya karani yanaeleza mengi kuhusu yaliyotokea Lushoto, Tukuyu na Kasanga. Waingereza hawakuwa watu wa kuona haya kubatiza nchi za wengine. Katika Kenya walikuwa na Fort Hall na maporomoko ya Thomson. Kisumu yenyewe, reli ilipofika ziwani mwaka 1901, iliitwa Port Florence kwa jina la mke wa fundi wa reli. Uganda walikuwa na Fort Portal na Port Bell. Nyasaland walikuwa na Fort Johnston. Lakini Tanganyika walikuwa walezi, angalau kwenye karatasi, na mlezi anayeanza kwa kuandika jina lake kwenye paji la uso la mtoto huzusha maswali. Kufuta Wilhelmstal na kuweka Georgetown kungeonekana Geneva kama kunyakua. Kurudisha Lushoto kulionekana kama uungwana, na hakukugharimu kitu zaidi ya rangi ya bango.

Kulikuwa na faida nyingine ya kiutawala. Jina la kienyeji lilikuwa tayari mdomoni mwa mlipa kodi. Katika orodha ya wilaya ya miaka ya mwanzo ya 1920 hakuna tena Langenburg wala Bismarckburg. Kuna Rungwe, kuna Ufipa, kuna Usambara. Gavana Donald Cameron alipokuja mwaka 1925 na mpango wake wa kutawala kupitia watemi na machifu, majina hayo ya nchi na makabila yaligeuka kuwa nguzo. Usambara, Kinyashi wa ukoo wa Kilindi, aliyekuwa ameachia kiti tangu mwaka 1914, alirudishwa Vugha mwaka 1926. Mtawala mpya alirudisha jina na kiti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapokea kodi.

Kila mmoja wa miji ile mitatu ulilipia jina lake kwa namna yake. Lushoto ilibaki makao ya wilaya na sehemu ya kupunga hewa. Wajerumani wenyewe waliporuhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925, wengine walirudi Usambara kulima na kufundisha, safari hii kwa jina la Wasambaa kwenye anwani zao. Tukuyu iliendelea kuwa mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, na sehemu za boma la Wadachi zikaingizwa katika ofisi za serikali, kuta zikadumu kuliko jina lililoandikwa juu yake. Kasanga iliangukiwa vibaya zaidi. Waingereza waliyaondoa makao ya wilaya ziwani, wakayapeleka bara, Namanyere, na baadaye Sumbawanga. Ngome ya Bismarck ikaachiwa popo na mizizi, na Kasanga ikarudi kuwa kijiji cha wavuvi chenye gati.

Kwenye gati hilo palikuja kutia nanga jina jingine lililobadilishwa. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya masanduku elfu tano, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa na jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana wa wakati wa Majimaji. Julai 1916 mafundi wake waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mashine grisi kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari tena ikiitwa Liemba. Hilo ndilo jina alilolisikia Livingstone mwaka 1867 kwa sehemu ya kusini ya ziwa, ile ile ya Kasanga. Gavana aliyezima Majimaji akafutwa ubavuni mwa meli, na mahali pake pakaandikwa neno la watu wa mwambao.

Dar es Salaam nako usafi ulifanyika. Hoteli ya Kaiserhof, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilibadilishwa jina ikawa New Africa. Barabara iliyoitwa kwa Kijerumani Chini ya Mikakaya ilibaki na miti yake lakini ikabadili lugha. Baada ya uhuru ikawa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, na sasa ni Samora. Sanamu la Wissmann, lililozinduliwa mwaka 1909 likiwa na askari mweusi chini ya miguu ya bwana mkubwa, liling'olewa na kupelekwa Uingereza, likarudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg mwaka 1922, hadi wanafunzi wa huko walipolivuta kwa kamba likaanguka mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha jijini sanamu jingine, la askari peke yake na bunduki yake, lenye maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Na bado wapo wakazi wa Dar es Salaam waliomzoea askari huyo kwa jina la Bismini, neno ambalo sikioni linakaribia Wissmann na Bismarck kwa pamoja. Kamba ya Waingereza ilimwondoa mtu wa shaba tu.

Kuna sehemu moja ambako Kaisari hakuhamishwa na Waingereza kabisa. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika ukingo wa juu kabisa wa Kibo, na Meyer akakibatiza kilele hicho Kaiser-Wilhelm-Spitze, Ncha ya Kaisari Wilhelm. Smuts alipita chini yake akiiteka Moshi mwaka 1916. Byatt alikiona, Cameron alikiona, walimu wa jiografia walikifundisha. Mandati ikapita, udhamini wa Umoja wa Mataifa ukaja, na kwenye ramani za Waingereza Kaisari alibaki juu ya wote, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, miaka ishirini baada ya yeye mwenyewe kufa uhamishoni Uholanzi.

Tofauti ya kilele na Lushoto haikuwa siasa. Wachaga walikuwa na Kibo na walikuwa na Mawenzi, majina yanayotosha kwa anayetazama mlima kutoka shambani, lakini ukingo wa barafu alikosimama Meyer haukuwa na mkazi, haukuwa na soko, haukuwa na mtu wa kuuliza njia ya kwenda huko. Bondeni, jina la Kaisari lilishindana na midomo ya maelfu ya watu wanaonunua na kuuza kila wiki. Juu lilishindana na upepo. Ndiyo maana milima ya kusini kando ya Nyasa bado ina jina la Livingstone kwenye vitabu vingi, na barafu na ncha za Kilimanjaro zimejaa akina Rebmann, Ratzel, Furtwängler na Gillman.

Kilele kilingoja wenye nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi la Tanganyika alipandisha huko bendera ya taifa jipya na kuwasha mwenge. Jina la Kaisari likaondolewa, na pakawa Kilele cha Uhuru.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kazi hiyo ilikuwa nzito zaidi. Wabelgiji hawakushindwa vita, kwa hiyo hakuna mgeni mwingine aliyewafutia majina. Mwambao wa Kongo uliingia kwenye uhuru wa 1960 ukiwa bado na Albertville na Baudouinville, watu wawili wa ukoo wa kifalme waliopangwa ukingoni, na bara kulikuwa na Élisabethville na Stanleyville, miji ya wasema Kiswahili wengi. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliifanya miwili hiyo ya bara kuwa Lubumbashi na Kisangani. Na mwambaoni leo msafiri anashuka Kalemie na Moba. Tanganyika ilifika kwenye siku yake ya uhuru ikiwa na miji michache sana ya kubatiza upya, kwa sababu vita vya wengine vilikuwa vimeshaifanya kazi hiyo miaka arobaini kabla.

Wadachi hawakuondoka na kila kitu, hata hivyo. Mwaka 1904 walileta sarafu mpya, rupia moja ikigawanywa kwa heller mia, na walijenga shule za serikali kuanzia Tanga, ambako vijana walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi ili wawe makarani na maakida. Hakuna aliyeamuru maneno hayo mawili, hela na shule, yatunzwe. Hayakuwekwa kwenye ramani, hayakuchongwa kwenye jiwe. Lakini Zanzibar, ambako mkoloni alikuwa Mwingereza tangu mwanzo, mtoto huenda skuli, na Bara huenda shule, kama Mjerumani alivyosema Schule.

Leo gari linalotoka Mombo kwenda Lushoto linapanda kona zile zile, likipita Soni na maporomoko yake. Kondakta anasimama mlangoni akikusanya hela, na wanafunzi wanateremka mmoja mmoja karibu na shule zao. Ukimwambia kwamba unashukia Wilhelmstal, atakuuliza ni kituo gani hicho.